Kitulo kwa Anayeanza: Nenda Wakati wa Mvua

Kila ifikapo Januari huanza kupokea simu za ndugu na marafiki walioko Dar es Salaam, Dodoma na hata hapa hapa Mbeya, wakiuliza kama mtu ambaye hajawahi kupanda mlima wowote anaweza kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kutazama maua. Jibu langu ni kwamba anaweza, mradi akubali mambo mawili ambayo wengi huyakataa mwanzoni: kwenda wakati wa mvua na kutembea polepole kuliko alivyozoea.

Mimi mwenyewe nilikosea. Mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa saba, kwa kuwa ndipo nilipopata likizo na kwa kuwa niliambiwa barabara ni kavu. Nilikuta nyasi zilizonyauka, umande ulioganda kuwa barafu alfajiri, na upepo uliopenya sweta kana kwamba sijavaa kitu. Hapakuwa na ua lolote la maana. Nilirudi nikiamini kwamba sifa za mahali hapa zimetiwa chumvi, na nilikaa miaka mitatu bila kurudi tena. Sikujua kwamba okidi, yale maua ambayo watu huyafuata Kitulo, zilikuwepo chini ya miguu yangu muda wote huo, zikiwa viazi vidogo ardhini, zikisubiri mvua ya kwanza. Kiazi hicho ndicho kinachoiwezesha okidi kuvumilia ukame, baridi na hata moto wa nyasi. Maua huanza kujitokeza kuelekea mwisho wa Novemba na kuendelea hadi Aprili, nami nikiulizwa mwezi mmoja tu, hutaja Februari.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005, ikiwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413 katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, na ina aina takriban 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kwa anayeanza, faida yake kubwa ni kwamba hakuna simba wala tembo, kwa hiyo unaruhusiwa kutembea kwa miguu siku nzima badala ya kufungiwa ndani ya gari.

Kufika kuna njia mbili. Moja ni kupitia Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, kisha kupandisha hadi Matamba kwa barabara yenye kona kali 57, ambayo watu huiita kwa idadi hiyo hiyo, Hamsini na Saba. Nyingine ni kupitia Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu. Wakati wa mvua usithubutu kupanda na gari dogo. Tafuteni Landkruza, mchangie gharama, na anayesikia kichefuchefu akae mbele. Malipo ya kiingilio na ya mwongozaji yashughulikieni mapema mkiwa bado mjini, ambako mtandao wa simu ni wa kuaminika.

Jambo ambalo watu wa pwani hulidharau ni mwinuko. Uwanda wa Kitulo uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi unayovuta huko ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ile ya Dar es Salaam. Mbeya mjini iko kwenye mita kama 1,700. Kwa sababu hiyo nawasihi wageni wangu walale Mbeya usiku mmoja kwanza, na ikiwezekana walale Matamba usiku wa pili, ndipo waanze kutembea. Aliyefanya hivyo huchoka kama mtu yeyote anavyochoka, lakini aliyetoka moja kwa moja uwanja wa ndege hupatwa na maumivu ya kichwa saa nne asubuhi, akidhani ni njaa.

Mwaka juzi nilikwenda na shangazi yangu, mwanamke wa miaka 61 ambaye mazoezi yake yote ni kwenda shambani na kanisani. Tulianza saa moja asubuhi, tukasalimiana na mwongozaji kwa "kamwene" ya kwao, naye akamtazama shangazi miguuni kabla hajasema lolote. Tulikuwa tumenunua buti za mpira sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, pamoja na soksi nene mbili kwa kila mtu. Aliridhika. Raba za kukimbilia hulowa ndani ya dakika kumi kwa sababu nyasi za asubuhi zimejaa maji, na mguu ukishalowa katika baridi ile safari yote huwa adhabu. Ongezeni koti la mvua linalofika magotini, kofia ya sufu, chupa ya chai ya moto, na chakula kinacholiwa bila moto. Sisi tulibeba viazi vya kuchemsha vya Matamba, mayai na karanga.

"Shangazi, tembea kwa pumzi yako," mwongozaji alimwambia. "Ukishindwa kuongea, simama." Sijapata kipimo bora zaidi ya hicho, na tangu siku hiyo ndicho ninachomfundisha kila mtu. Tulishuka kuelekea bondeni tukisimama kila baada ya hatua hamsini au sitini, na kila tuliposimama tuliona kitu ambacho tungekipita. Kutoka kwenye gari unaona rangi tu, hasa yale maua ya chungwa na manjano yaliyosimama kama mienge. Okidi nyingi hazipiti goti, na nyingine zimejificha kabisa kati ya majani.

Kando ya kijito kimoja mwongozaji alipiga magoti na kutuita. Alikuwa na mashina mawili mbele yake, yote yenye maua ya waridi yaliyopangana kuzunguka shina, na kwangu mimi yalikuwa mmea mmoja. Akamwambia shangazi ahesabu mikia. Nyuma ya kila ua la shina la kwanza palikuwa na vijimirija viwili vyembamba vilivyoning'inia, na nyuma ya kila ua la shina la pili kimoja tu, kilichochomoza kwenye kofia ya ua. Lenye mikia miwili ni la jamii ya Satyrium, na lenye mkia mmoja ni la Disa. Shangazi alihesabu kwa ncha ya jani ili asiyaguse, na mchana kutwa akawa anatuita yeye sasa, akisema "miwili" au "mmoja" kabla hatujamfikia.

Ndipo alipouliza kama hizi ndizo zile zinazochimbwa. Ndizo. Viazi vya okidi huchimbwa katika nyanda hizi na kuuzwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda. Anayechimba kiazi huua mmea mzima, na biashara hiyo ni mojawapo ya sababu za uwanda huu kuhitaji ulinzi. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuona mgeni akiing'oa okidi aende kuipanda nyumbani. Haitaota. Pigeni picha, na msikanyage nje ya njia, kwani hata mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayekuja hapa kuzaa wakati wa mvua, hujenga kiota chake ndani ya mashimo ya ardhini. Juu kidogo ya bonde tulimwona pia tandawala, ndege mkubwa mwenye miguu mirefu, akitembea taratibu kama mzee anayekagua shamba.

Maji yanayovukwa na njia ile ni ya baridi kali na masafi, na sehemu yake huteremka hadi Mto Ruaha Mkuu, kwa hiyo msioshee humo chochote.

Anzeni kurudi kabla ya saa sita mchana, hata kama bonde linalofuata linavutia. Mawingu hujikusanya mchana, na radi katika uwanda usio na miti haina masihara. Mkiisikia mkiwa juu ya tuta, shukeni mara moja na msisimame chini ya mti uliobaki peke yake. Sisi tulifika kwenye gari saa saba na nusu, na mvua ilianza tukiwa bado tunavua buti. Shangazi alikaa kiti cha mbele miguu imefunikwa kitenge, akimuuliza mwongozaji ni aina gani huchanua mwezi wa tatu ambazo leo hakuziona.