Kuingia kwenye kompyuta ya nyumbani ukiwa kazini, bila kujitafutia matatizo

Wenzangu huniuliza swali hili mara kwa mara. Mtu ana kompyuta nzuri nyumbani, imebeba utafiti wake wa shahada au michoro ya wateja wake wa jioni. Ofisini kapewa mashine isiyokubali kusakinisha chochote, flashi haisomi, na tovuti nyingi zimefungwa. Aifikie vipi ile ya nyumbani wakati wa mapumziko ya mchana?

Nimeishi na utaratibu huu kwa muda mrefu, ofisi ikiwa katikati ya Dar es Salaam na kompyuta yangu ya mezani ikiwa sebuleni Kimara. Inawezekana, na hela nyingi haihitajiki. Ila wengi huhangaika kutafuta mbinu za kuizunguka ofisi, wakati kinachowakwamisha hasa kiko nyumbani kwao.

Kabla ya yote, jiulize unahitaji kompyuta au unahitaji faili. Kama ni kusoma sura ya tatu na kuweka masahihisho, weka folda hiyo kwenye Google Drive au OneDrive, uifungue kwenye simu yako, na habari iishie hapo. Kuendesha kompyuta ukiwa mbali kuna maana pale ambapo programu yenyewe iko nyumbani: AutoCAD ya michoro, SPSS ya takwimu, hesabu za duka kwenye mfumo uliosakinishwa mashine moja tu.

Sasa tuje ofisini. Watu wa IT hawafungi vitu kwa roho mbaya. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali kabisa za kuendesha kompyuta ukiwa mbali, lakini ndizo hizo hizo matapeli huwashawishi watu wazisakinishe, kisha wakaingia kwenye akaunti zao. Na ukiunganisha mashine mbili, njia ni ya pande zote: unachokinakili upande mmoja unaweza kukibandika upande wa pili, faili nazo zinahamishika. Mwajiri mwenye taarifa za wateja ana haki ya kuliogopa hilo. Kwa hiyo mambo ya kubeba programu kwenye flashi, kubadilisha jina la faili ili lipite, au kupitia tovuti za kuficha anwani, achana nayo. Safari hizo zinaonekana kwenye kumbukumbu za mtandao wa ofisi, na siku ukiitwa kujieleza hutakuwa na la kusema. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya 2018. Zote zinazungumzia kuingia kwenye mifumo bila ruhusa. Usijiweke mahali ambapo mtu ataanza kujadili kama kifungu fulani kinakuhusu.

Omba ruhusa. Waandike barua pepe fupi, useme unachotaka na usichotaka: "Naomba kufunguliwa ukurasa wa remotedesktop.google.com wakati wa mapumziko ya mchana. Nitatumia kivinjari tu, sitasakinisha programu, wala sitahamisha faili kati ya kompyuta yangu na ya ofisi." Ombi lililonyooka namna hii linampa ofisa wa IT kitu cha kupeleka kwa bosi wake. Wakikataa, shukuru, maana njia nyingine ipo na nitaifikia.

Nimetaja ukurasa wa Google kwa sababu Chrome Remote Desktop ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Nyumbani unasakinisha kipande kidogo, unaipa kompyuta jina, unaweka PIN ya tarakimu zisizopungua sita. Ukiwa mbali unafungua ukurasa ule ule, unabofya jina la kompyuta, unaweka PIN, na kioo chako cha nyumbani kinatokea ndani ya kivinjari. TeamViewer nayo ni nzuri, lakini toleo la bure ni kwa matumizi binafsi, na ukiunganisha kutoka mtandao wa kampuni mfumo unaweza kukuhesabu mtu wa biashara na kukukatisha.

Hata ukiruhusiwa, kumbuka mashine ya ofisi si yako. Ofisi nyingi hufungua na kukagua mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji. Kulijua hilo ni rahisi: bofya alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, tafuta taarifa za cheti cha usalama cha tovuti hiyo, usome nani amekitoa. Kwenye ukurasa wa Google unatarajia kuona Google Trust Services. Ukikuta jina la mwajiri wako, au la kampuni inayouza vifaa vya ulinzi wa mtandao, basi nywila utakayoiandika hapo inaweza kusomwa njiani. Mimi nikiona hivyo siingii kwenye akaunti yangu binafsi hata kama ukurasa uko wazi. Na popote unapoingia, uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa.

Njia nyingine niliyoitaja ni simu yako mwenyewe, kwa bando lako mwenyewe. Chrome Remote Desktop ipo pia kwa Android na iPhone. Ukiwa na tableti na kibodi ndogo ya Bluetooth, unafanya kazi vizuri tu bila kugusa kompyuta wala Wi-Fi ya ofisi. Kwangu hii ndiyo njia safi kuliko zote, na kama ofisi yako ni benki, ningesema ndiyo pekee.

Tuje nyumbani, kwenye kazi yenyewe. Kinachosafiri ni picha kutoka nyumbani kuja kwako, kwa hiyo angalia kasi ya kupakia ya intaneti ya nyumbani, si ya kupakua inayotangazwa kwenye mabango. Picha ikikokota, punguza ukubwa wa kioo, ondoa picha ya ukutani, na usicheze video.

Kuna wanaotaka kutumia Remote Desktop ya Windows yenyewe kwa kufungua poti 3389, yaani mlango wake wa mtandao, kwenye ruta. Tafadhali usifanye hivyo. Poti hiyo inapigwa hodi na mashine za wahalifu usiku na mchana, na Mei 2019 Microsoft ililazimika kutoa sasisho la udhaifu uliopewa jina BlueKeep hata kwa Windows XP, toleo ililokuwa imeshaliacha. Pia toleo la Windows Home halipokei miunganisho hiyo, linalopokea ni Pro. Na huenda hata ukiifungua poti isifanye kazi: fungua ruta uone anwani yake ya upande wa intaneti. Ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtu wa nje hawezi kukufikia moja kwa moja. Chrome Remote Desktop na Tailscale hulivuka hilo kwa sababu kompyuta ya nyumbani ndiyo inayoanza kupiga simu kwenda nje. (Tailscale ni aina ya VPN, yaani njia ya faragha kati ya vifaa vyako kupitia intaneti, na kwa walio Tanzania, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa. Lizingatie.)

Halafu usingizi na umeme. Kwenye mipangilio ya Windows, kioo kizimike kikitaka, lakini kompyuta isilale kamwe. Kisha ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, utafute kipengele cha mashine ifanye nini umeme ukirudi. Mara nyingi kina maneno AC Power Loss. Weka iwake yenyewe. Ruta nayo iwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba, hata ndogo.

Waambie na watu wa nyumbani. Mshale ukitembea wenyewe kwenye kioo na mafaili yakijifungua, mama atachomoa waya, na atakuwa na haki. Isitoshe, kwa Chrome Remote Desktop kila unachofanya kinaonekana pale sebuleni, kwa hiyo zima monita kabla hujatoka, na ukimaliza kazi funga kioo cha Windows ili kidai nywila.

Jumamosi moja fanya majaribio. Toka nje na simu, zima Wi-Fi, ingia kwa data ya simu. Kisha zima umeme kwenye swichi ya ukutani, uwashe, subiri dakika chache, ujaribu kuingia tena bila kuigusa kompyuta. Ikikubali, Jumatatu unaweza kuitegemea.