Kabla hujanunua bembea, tafuta mti

Kila Idi ikikaribia, simu yangu haitulii. Mtu kaona watoto walivyojazana pale Nyerere Square, hapa Dodoma, na nguo zao mpya, kapiga hesabu ya kichwani, kisha ananitafuta: "Kaka, nasikia uliwahi kuwa na uwanja wa michezo ya watoto. Inalipa?"

Inalipa. Siku sita kwa mwaka.

Mimi nilianza na kiwanja cha kukodi Nkuhungu, bembea nne alizochomelea fundi wa mtaani, puto moja kubwa la kurukia, na treni ndogo ya behewa tatu iliyomeza mkopo karibu wote. Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000, halafu kila mchezo unalipiwa peke yake. Siku ya kwanza ya Idi waliingia watoto zaidi ya 600. Nilihesabu noti za mafuta ya vitumbua na vumbi mpaka saa saba usiku, na usiku huohuo, kabla sijalala, nikaamua kukopa tena. Nilipanga marejesho kana kwamba kila Jumamosi ni Idi.

Jumamosi ya tatu baada ya sikukuu waliingia watoto 22.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu lile puto. Watu wanadhani unalijaza upepo asubuhi, unafunga, basi. Hapana. Linavuja kwenye mishono muda wote, kwa hiyo feni inakoroma tangu unapofungua hadi unapofunga, awe anaruka mtoto mmoja au hamsini. Umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, unakwenda. Vijana watatu wanataka posho ya siku. Mwenye kiwanja anataka kodi yake. Na Januari ndiyo usiseme: mvua, tope, na wazazi wote wanakimbizana na ada na sare za shule.

Nikapandisha kiingilio hadi 3,000, michezo yote humohumo. Niliona nimepata akili! Nilikuwa nakaa getini kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwona baba mmoja amefika na watoto watatu kwenye bodaboda. Akauliza bei. Akawatazama watoto, akamgusa dereva begani, wakageuza. Yule mdogo aliendelea kugeuza shingo kutazama treni mpaka wakapotea.

Nilipokuja kusoma habari za Spreepark, bustani ya michezo ya Berlin, nilicheka peke yangu. Ile haikuwa bembea nne. Ilifunguliwa mwaka 1969 upande wa Ujerumani Mashariki, na enzi zake iliwahi kupata hadi wageni milioni 1.7 kwa mwaka. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, ikaingia mikononi mwa mtu binafsi, akaongeza mitambo ya michezo. Msitu unaoizunguka ukatangazwa eneo la hifadhi, hivyo nafasi za kuegesha magari zikapungua. Kiingilio nacho kikawa cha jumla, kikapanda na kupanda. Mwaka 2001 wageni walikuwa wameshuka hadi takribani 400,000, na mwaka huohuo ikafunga ikiwa na madeni ya mamilioni. Watu wanapungua, unawabebesha waliobaki pengo la walioondoka, nao wanaondoka. Nkuhungu au Berlin, geti ni lilelile.

Kilichonigusa zaidi ni alichofanya mmiliki baada ya hapo. Januari 2002 alipakia mitambo sita melini, akaenda nayo Peru kuanza upya. Huko nako mambo yakagoma. Mwisho wake alifungwa kwa kokeni iliyofichwa ndani ya mlingoti wa mtambo mmoja uliokuwa unarudishwa Ujerumani, na mwanawe akahukumiwa miaka 20 huko Peru. Mimi Peru yangu ilikuwa Singida. Nilikuwa nimeshapatana na mwenye lori la Fuso anihamishie michezo. Ukishakuwa na deni, unaona mji ndio wenye mkosi, hesabu zako huzitazami.

Upepo ndio ulioniokoa, nasema kweli. Mwenyeji wa Dodoma anaujua upepo wa Julai. Mchana mmoja vigingi viwili vya chuma vilivyoshikilia puto viling'oka kwenye mchanga, kona ya puto ikanyanyuka usawa wa kifua changu, na ndani kulikuwa na watoto wawili. Tuliwatoa wazima. Mshono ukachanika urefu wa mlango, safari ya Singida ikaishia hapo. Baadaye nilijifunza kwamba Uingereza wanataka puto lishushwe upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Huna kipimo? Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, toa watoto, zima feni. Usisubiri wamalize zamu yao.

Lakini somo lenyewe nilipewa na mama mmoja wa Makole aliyekuwa akileta wajukuu. Siku moja alijifunika khanga kichwani, akaniambia: "Baba Neema, mtoto anacheza, mimi naungua. Unadhani nani ana hela hapa?" Kiwanja changu kizima kilikuwa hakina kivuli hata cha kuweka kuku. Mtoto angekaa mpaka magharibi. Bibi yake alimaliza nusu saa, akamwita.

Siku hizi nina bembea mbili tu, chini ya mwarobaini, jirani na kijana wa chipsi. Hakuna kiingilio. Shilingi 500 kwa zamu, na viti vya plastiki sita vya wazazi. Jumatano ya kawaida huwa sikosi hela ya mboga, na deni nimemaliza. Ukiniuliza kwa nini sikuanza hivi, jibu ni kwamba bembea mbili hazikupi heshima mtaani. Treni inakupa.

Bado iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye behewa la pili. Juzi jamaa wa Kondoa ameulizia bei. Nimemuuliza kwanza kama kiwanja chake kina mti.