Maswali ya Wasomaji: Bajeti ya Malisho ya Wanyamapori Kando ya Ghuba ya Speke

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni ndugu watano tuliorithi ekari 20 katika Wilaya ya Busega, zinazopakana na maji ya Ghuba ya Speke kwa upana wa mita 200. Tunafuatilia kibali cha shamba la wanyamapori ili tufuge swala pala na kanga, na baadaye tupokee wawindaji wenye leseni. Shemeji yetu aliyeko Marekani anasema wenye ardhi za uwindaji huko hupanda vishamba vya klova (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) na ngano kwa ajili ya kulungu. Tumetenga shilingi milioni 6 za kupanda ekari 10: milioni 3.5 za mbegu ya klova kutoka nje, laki 6 za kulimisha trekta kwa 60,000 kila ekari, na milioni 1.9 za mbolea. Muuza mbegu wa Mwanza ametutajia fiwi (jamii ya maharage) kwa shilingi 6,000 kwa kilo na nyasi za Rhodes kwa 25,000. Je, hesabu yetu imekaa sawa?

JIBU: Ndugu zangu, nawapongeza kwa kuuliza kabla ya kununua, kwa sababu hesabu hiyo imeweka fedha nyingi mahali pasipozihitaji na imeyasahau matumizi makubwa kuliko yote.

Msinunue hata kilo moja kabla kibali cha TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, hakijatoka. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama anayeingia shambani kwenu kutoka porini ni mali ya umma, na kumpandia chakula hakuwapi haki ya kumwinda. Nanyi hamko mbali na Serengeti wala na Pori la Akiba la Kijereshi. Malisho mabichi wakati wa kiangazi, yasiyo na uzio imara, yanaweza kuwaita tembo, na hasara ikawafikia majirani ambao hawakushirikishwa. Uzio huo mkuu una bajeti yake, nami sitauchanganya na hii ya malisho.

Pimeni pia ardhi mnayoruhusiwa kuigusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa upana wenu wa mita 200, hizo ni mita za mraba 12,000, yaani karibu ekari 3, ambazo hazipaswi kuingia katika hesabu ya kulima.

Klova iacheni. Huko Marekani inafaa kwa sababu inapenda ubaridi, na mizizi yake ni ya juujuu. Kwenu, kuanzia Juni hadi Septemba, jua litaikausha wakati uleule mnaoihitaji. Fiwi ina mizizi mirefu, na ikipandwa Februari au Machi hubaki na majani mabichi muda mrefu baada ya mvua kukatika. Ekari moja inahitaji kama kilo 8 za fiwi, au kama kilo 4 za nyasi za Rhodes.

Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza mpande ekari 3 tu: mbili za fiwi na moja ya Rhodes. Sehemu iliyobaki ifungeni kama ngitili, jinsi wazee wa Kisukuma walivyofanya tangu zamani, yaani nyasi zinaachwa zikue msimu wote wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Migunga msiikate. Swala pala hula nyasi changa wakati wa mvua, lakini kiangazi hugeukia majani ya vichaka na maganda ya migunga, kwa hiyo mkifyeka migunga ili mpande malisho mtakuwa mmetumia fedha kuondoa chakula kilichokuwapo bure.

Kwa bei mlizonitajia, fiwi ni shilingi 96,000 na Rhodes 100,000. Mbegu zote ni 196,000 badala ya milioni 3.5. Kulima mmekuhesabu, lakini kupiga haro, yaani kuvunja mabonge, hamkukutaja. Nikiweka 40,000 za haro kwa ekari, kazi ya trekta kwa ekari 3 inakuwa 300,000. Tengeni 100,000 za kupima udongo, na waulizeni watafiti wa kilimo wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), kituo cha Ukiriguru, namna ya kuchukua sampuli, kwa maana luseni (udongo wa kichanga) ya mwinuko na udongo mweusi wa mbuga havihitaji mbolea ileile, na bila kipimo milioni 1.9 yenu ni kubahatisha. Kwa kuanzia, 300,000 za kusomba samadi zitatosha. Palizi mbili kwa 50,000 kila ekari ni 300,000 nyingine.

Ulinzi ndio hamkuuweka kabisa, nao ndio mzito. Miche michanga huliwa kabla haijashika, na mlaji wa kwanza kwa kawaida ni ng'ombe wa jirani, hasa baada ya mavuno, mifugo inapoachiwa mashambani. Wekeni 500,000 za boma la miiba, huku mkipanda minyaa itakayochukua nafasi yake, na mlinzi kwa miezi sita, ambaye kwa 150,000 kwa mwezi atagharimu 900,000. Jumla inafika 2,596,000. Ongezeni 260,000 za dharura, iwe 2,856,000. Zinabaki 3,144,000, na hizo zisiguswe mwaka huu, kwa kuwa fiwi itapaswa kupandwa upya, ilhali Rhodes ikitunzwa huvunwa miaka kadhaa. Laki 2 za trekta na mbegu katika ekari ya Rhodes, zikigawanywa kwa miaka minne, ni 50,000 kwa mwaka. Ekari ya fiwi itadai 148,000 kila mwaka.

Mkishawaingiza wanyama, wekeni katika kila kishamba duara la waya lenye upana wa mita moja, ambalo hawawezi kula majani yaliyo ndani yake. Kila mwezi linganisheni urefu wa majani ya ndani na ya nje. Yakilingana, wanyama hawali, nanyi msiongeze ekari. Ya nje yakiisha mapema huku ya ndani yamestawi, hapo ndipo mfungue ile akiba na kupanda ekari ya nne.