Mnaniuliza kuhusu kanga, magazeti na rangi: majibu ya mchoraji

Tangu picha zangu zitoke kwenye toleo lililopita meseji zimekuja nyingi kwelikweli, wengi mnataka kujua zinatengenezwaje hizi picha zenye vitambaa, karatasi na rangi humohumo, yaani miksi midia kama tunavyoita wenyewe huku. Nimechagua maswali yaliyojirudia sana, na moja la mwisho ambalo limenigusa.

Dada mambo, huwa unaanza na wazo au unaanza na vitu? Mimi nikikaa mbele ya kanvasi tupu akili inaganda kabisa. (Msomaji, Morogoro)

Poa kaka. Mimi mara nyingi vitu ndo vinatangulia. Chukua ile picha ya akina mama wanasubiri pantoni kwenda Kigamboni, watu wengi wameiulizia. Ilianza na mfuko wa saruji, ile ya karatasi sio ya plastiki. Ukiupasua unakuta karatasi zaidi ya moja ndani, ile ya katikati ni safi, rangi ya kaki, ngumu, na ina mikunjo ambayo hata ukiipiga pasi haiishi. Nikaitandaza chini nikaiangalia, nikaona ile mikunjo ni maji ya pale feri asubuhi na mapema, maji ambayo sio ya bluu kama ya kwenye kadi za watalii, ni kijivu yenye ukahawia. Hapo picha ikawa imeshajichagua, nikaenda kukaa pale kivukoni na daftari kuchora watu wanavyokaa, mabeseni wanavyoyaweka, nani kaegemea nani.

Alafu ndo ikaja kanga. Mnajua kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Watu wengi wakianza wanabandika kanga nzima sababu ni nzuri, na kweli ni nzuri, lakini ikishakaa pale picha inakuwa ya aliyeidizaini kanga sio yako. Mimi nilikata pindo tu nikalifanya kiuno cha mama aliyesimama, na jina nikalibandika likapita kwenye mgongo wa aliyekaa, kisha nikalipaka rangi nyembamba juu yake mpaka zikabaki herufi chache zinasomeka kwa shida. Kwangu mimi kazi yote iko hapo, kila hatua najiuliza nifunike nini na niache nini kionekane. Kubandika kila mtu anaweza.

Na nyuso zao nilifanya hivi: chini gazeti, juu yake rangi nyeupe iliyopunguzwa maji, nikachora kwa mkaa, nikapaka rangi za ngozi, ikakauka vizuri mpaka kesho yake, ndo nikachukua msasa laini nikasugua taratibu pale kwenye mfupa wa shavu. Herufi za gazeti zinaanza kutokea kwa chini, ndogondogo, unaacha pale unapoona inatosha, ukizidisha kidogo tu shavu limeondoka lote. Kwahiyo kaka kama kanvasi tupu inakutisha usianze na kanvasi tupu, bandika kitu kwanza, kitakupa la kujibu.

Nabandika magazeti lakini baada ya miezi yanakuwa njano na yanabanduka pembeni. Natumia uji wa ngano. (Msomaji, Tanga)

Matatizo mawili hayo, tena ya watu wengi. Karatasi ya gazeti inatengenezwa kwa bei rahisi na ndani yake imebaki lignini, ni kile kitu kinachoshikilia nyuzi za mti, ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano na karatasi inakatika. Huwezi kuizuia kabisa. Mimi kama nataka maneno ya gazeti lenyewe yadumu nayapiga fotokopi kwenye karatasi nzuri nabandika hiyo, na pale ninapotaka ule unjano naacha gazeti halisi nikijua itabadilika.

Uji wa ngano achana nao, hasa sisi wa pwani. Mende wanaupenda na unyevu wetu huu ukungu unaota chini ya karatasi huku juu huoni kitu. Tumia gundi nyeupe ya PVA au midiamu ya akriliki (ni ile gundi ya rangi za akriliki yenyewe, bila rangi ndani), paka chini, laza karatasi, paka na juu, alafu toa hewa kwa kusukuma kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya simu ya zamani au chochote bapa. Kama unafanyia kwenye hadibodi paka prima, ile rangi ya kwanza ya kuziba, mbele NA nyuma, maana ikivuta unyevu upande mmoja inapinda, na ikipinda ndo hizo pembe zinanyanyuka.

Na nyongeza, rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji ni sawa, ila rangi ya maji juu ya ya mafuta haishiki, itakuja kubanduka tu. Ya mafuta iwe mwisho.

Shikamoo dada. Mjomba wangu ni mchoraji, anasema kuchora ni rangi na brashi, haya mengine ni kuokota takataka. Nimjibu nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mjomba usibishane naye kwa ukali, mwombe akufundishe kuchora mkono wa mtu, utauhitaji hata huku kwetu. Lakini hili jambo sio la jana. Mwaka 1912 Picasso alichukua kipande cha kitambaa cha mezani kilichopakwa mafuta kisipitishe maji, kimechapwa mfano wa ukili wa kiti, akakibandika ndani ya picha na kuizungushia kamba halisi badala ya fremu, leo iko makumbusho ya Paris. Na usiende mbali hivyo, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka hapa Dar miaka ya mwisho ya 60 alitumia hadibodi za ujenzi na rangi za baiskeli, sababu ndo vilivyokuwepo na vinavyonunulika, na leo dunia nzima inajua mtindo huo. El Anatsui wa Ghana, aliyefundisha miaka mingi chuo cha Nsukka Nigeria, anaunganisha vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama shuka kubwa la kufunika ukuta. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, amekata picha za majarida akazibandika juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari, wanawake waliotoka humo ukiwaona hulali.

Takataka inabaki takataka kama hujaifikiria. Mjomba atakuelewa akiona umeifikiria.

Huku tuna kitambaa cha gome la mti, kinafaa? (Msomaji, Bukoba)

Sana! Natamani ningekaa jirani. Gome la mti wa mutuba likigongwa linalainika na kupanuka linakuwa kitambaa, Waganda wanalifanya tangu enzi na UNESCO waliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Linanyonya rangi kwa hiyo anza na gundi iliyopunguzwa maji, tabaka jepesi tu, na usilipake lote, ile kahawia yake hakuna kopo la rangi linaloitoa.

Mama yangu amefariki, ameacha kanga zake. Nataka kuweka moja kwenye picha yake ila dada yangu mkubwa anasema kukata kanga ya marehemu ni kukosa heshima. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mama. Hapa dada yako anayo haki, kanga ya mama sio malighafi mpaka wote mkubali. Usikate. Ila kuna njia: ikunjue vizuri dukani kwenye mashine ya fotokopi, piga kopi ya pindo na ya jina, hakikisha ni mashine ya tona, yaani wino wa unga, printa za wino wa maji zinachafuka. Mwambie mwenye mashine aigeuze kopi kama kwenye kioo, la sivyo jina litasomeka kinyume. Paka midiamu ya akriliki nzito kwenye picha, laza kopi uso chini, bonyeza, acha ikauke usiku mzima. Kesho lowesha karatasi kwa sponji na isugue kwa kidole, polepole, karatasi inatoka vipandevipande na wino unabaki umeshika. Utaona ukungu mweupe wa mabaki ya karatasi ukikauka, lowesha tena usugue tena. Hiyo weusi juu ya rangi yako inakuwa na mikwaruzo, sehemu zinakosekana, na mimi napenda hivyo, usizijaze.

Kanga inarudi kabatini nzima. Na kabla hujapaka vanishi mwite dada yako aione, kama kuna kitu hakipendi bado mnaweza kukibadilisha.