Flashi imejaa shotikati, nifomati?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Morogoro, tuna desktopu moja hapa nyumbani, watoto wanafanyia kazi za shule na mimi natunzia picha za marehemu mama yangu. Juzi binti kapeleka flashi steshenari kuprinti, kurudi kaichomeka, mafolda yote yamegeuka shotikati, na sasa kila flashi tunayochomeka inakuwa hivyohivyo. Kijana aliyetupigia Windows anasema tufomati kila kitu. Ndo basi tena?

JIBU: Pole sana mama, na nakuomba usifomati kwanza! Hicho kirusi kwa kawaida hakifuti mafaili, kinayaficha tu halafu kinaweka shotikati zenye majina yaleyale, ukibofya unadhani unafungua folda kumbe ndo unakiamsha, kinaingia kwenye kompyuta na kukaa kinasubiri flashi nyingine.

Kwa hiyo anza na kompyuta, ukianza na flashi utasafisha mpaka uchoke. Chomoa flashi zote, fungua Windows Security, kwenye skani chagua ile ya Offline, mashine itajizima na kuwaka yenyewe, kama robo saa hivi, inasaka virusi kabla Windows haijaamka. Ikimaliza piga na skani kamili. Halafu chomeka flashi, usibofye kitu humo ndani, fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri), kama flashi inasoma E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* piga Enter usubiri, mafolda yataanza kutokea. Hamisha vilivyo vyako, zile shotikati ziache hukohuko, hapo sasa flashi ifomati.

Ila mama, huyo kijana muulize, alizima antivairasi ili kraki yake, ile programu ya kutumia Windows bila leseni, ikubali? Na apdeti je, alizizima zisile bando? Hili linaniuma maana naliona kila wiki, mtu anahangaika kutafuta antivairasi ya kununua wakati Defender ipo bure ndani ya Windows na imezimwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipiga nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za Bitcoin, na Microsoft walishaziba lile tundu la Windows kilimopitia tangu Machi, waliokuwa wameapdeti hilo tundu halikuwepo kwao. Kirusi cha aina ile kingeingia kwako, ile amri ya attrib isingekusaidia kitu. Na kama bado mko Windows 10, sapoti yake ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025, angalia kama mashine inakubali 11.

Watoto wafungulie akaunti yao isiyo ya admini. Picha za mama zikopi kwenye disiki ya nje, ukimaliza ichomoe ikae kabatini, isibaki imechomekwa maana kirusi kikiingia kitaipitia na yenyewe. Na binti akitaka kuprinti tena, faili alitume kwa imeili ya steshenari akiwa hapohapo nyumbani, flashi aiache.