Simu ikisharisetiwa, picha zinarudi?

SWALI: Mwanangu ameiriseti simu yangu kwa bahati mbaya, ikafutika yote na kurudi kama mpya. Ni ya Android, nimeinunua mpya mwaka jana. Humo mlikuwa na picha za marehemu mama na sauti alizonitumia WhatsApp. Fundi mmoja anataka 80,000 azirudishe kwa "programu maalumu", nusu nitangulize. Nimlipe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada. Usimlipe.

Kila wiki naletewa simu kwa imani hii hii: kwamba kilichoingia kwenye simu hakipotei, kimejificha tu, fundi hodari atakifukua. Kwenye memori kadi kuna ukweli. Ukifuta picha, kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha. Picha yenyewe inabaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Simu yako ni habari nyingine. Simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi husimba kila kinachohifadhiwa ndani, yaani hukifunga kwa siri kisisomeke bila ufunguo, na ukiriseti, ufunguo wa kusimbua unafutwa. Kinachobaki hakisomeki, hata kwa kampuni iliyoitengeneza. Sasa huyo fundi wa 80,000 ufunguo kautoa wapi?

Kama picha zilikuwa zikipanda Google Photos, hifadhi ya picha ya Google mtandaoni, ingia kwa akaunti ileile utazikuta. Angalia na pipa la taka, maana humo hukaa siku 60. WhatsApp isakinishe kwa namba ileile na akaunti ileile ya Google, na ikikuuliza kurejesha nakala ya mazungumzo iliyohifadhiwa Google, kubali. Ukiruka hapo umejiharibia. Kama nakala haikuwahi kuwashwa, waombe ndugu: picha ulizotuma kwenye grupu la familia pengine bado wanazo, na huenda mama aliwatumia wao pia sauti.

Wapo mafundi wanaoomba nywila ya Gmail, wanaingia humohumo, wanashusha picha ambazo ungezishusha mwenyewe bure, kisha wanakudai hela ya "utaalamu". Umemlipa, na barua pepe yako yote anayo. Msitoe nywila kwa fundi, hata awe jirani.

Na watu haohao wanaoamini simu haisahau, utawakuta wanauza memori kadi yenye picha za kitambulisho na za faragha, eti "nimeshafuta". Kwenye kadi ndiko zinakofukuliwa, kwa programu ya bure, kwa dakika chache. Kadi ya namna hiyo usiuze wala kugawa. Ikate vipande kwa mkasi.