Mwani wa "chembe moja" au wa "seli moja"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ninaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu Asetabularia, mwani wa kijani wa baharini. Wengine huandika kwamba ni "mwani wa chembe moja", wengine "mwani wa seli moja". Lipi bora? Na je, kitu chenye seli moja tu kinastahili kuitwa mwani?

Jibu: Mwalimu, maneno yote mawili yanatumika, na anayeandika "chembe hai" kwa maana ya seli hajakosea. Hata hivyo, kwa kiumbe hiki ningekusihi uandike seli, na sababu yangu inatokana na kiumbe chenyewe.

Chembe ni kitu kidogo mno: chembe ya chumvi, chembe ya mchanga, na mtu asiye na huruma kabisa tunasema hana hata chembe. Udogo umo ndani ya neno lenyewe, wala hauondoki kwa kuongeza "hai" baada yake. Sasa itazame Asetabularia ilivyoota juu ya mwamba kwenye kina kifupi cha Bahari ya Mediterania: chini ina vijimizizi vinavyoshika jiwe, juu yake umesimama wima mfano wa kikonyo chembamba, na kileleni pana kofia ya mviringo yenye mistari inayotoka katikati kama vijiti vya mwavuli. Urefu wake huweza kufikia sentimita kadhaa, na yote hayo, tangu vijimizizi hadi kofia, ni seli moja. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba ni chembe moja ataitafuta kwa hadubini, ilhali angeweza kuishika kwa vidole viwili. Seli ni neno la mkopo lisilobeba ukubwa wala udogo, kwa hiyo halitampotosha.

Kuhusu mwani, andika bila wasiwasi. Ule unaolimwa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, ni mwani mwekundu, na huu ni wa kijani, lakini neno la watu wa pwani halikuwahi kuhesabu seli. Zingatia upatanisho tu: mwani huu unaota, si "mwani hii inaota".

Lipo neno la tatu ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulipita: kiini, yaani ile sehemu ya ndani inayoiongoza seli (kwa Kiingereza "nucleus"). Katika miaka ya 1930 mwanabaiolojia Mjerumani Joachim Hämmerling alichukua aina mbili za Asetabularia, moja yenye kofia nzima ya duara na nyingine yenye kofia iliyogawanyika kama vidole. Alikata kofia, akapandikiza kikonyo cha aina moja juu ya kitako cha aina nyingine, na kofia iliyochipua hatimaye ikawa ya aina iliyotoa kitako, kwa kuwa kiini kimo humo. Tunaposema kiini cha jambo tunakusudia kile kinachoamua sura ya jambo zima, na katika jaribio hili neno letu limekaa mahali pake barabara, kiasi kwamba sioni haja ya kukopa jingine.

Basi sentensi yako ya kwanza ningeiandika hivi: "Asetabularia ni mwani wa kijani wa baharini wenye seli moja, ambayo kiini chake hukaa kwenye kitako, chini ya kikonyo, hadi unapofika wakati wa kuzaliana."